Somo: Kutoka fundi AC mpaka mkandarasi aliyesajiliwa, kwa mafundi wa Tanga

Ndugu mafundi, hili somo nimelipanga kwa sababu ya jambo moja linaloniuma. Tangu kazi za bomba la mafuta ghafi zishike kasi kule Chongoleani, vijana wetu wanaitwa kufunga viyoyozi vya ofisi nzima, wanapiga bei nzuri, halafu wanaulizwa karatasi. Hawana. Kazi inachukuliwa na kampuni kutoka Dar, na kijana yuleyule anaitwa kuifanya kwa malipo ya kibarua. Mkono ni ule ule, pesa zimekwenda kwingine.

Elewa kwanza kwamba cheti cha ufundi, leseni ya umeme na usajili wa mkandarasi ni vitu vitatu. Kila kimoja kina ofisi yake, na hakuna kinachoziba pengo la mwenzake. Wengi wanakimbilia CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kabla hawajawa na cha kupeleka huko.

Hatua ya kwanza: cheti cha ufundi

Fani yetu kule VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inaitwa majokofu na viyoyozi, na vyeti vyake vina ngazi ya I, II na III. Aliyejifunzia kwa fundi mkubwa pale Ngamiani asione aibu, maana kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa vitendo, unaonyeshwa mapungufu yako, unafundishwa kuyaziba, ndipo unapewa cheti.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtaa unatudanganya. Fundi anakaza mabomba ya kopa, anafungulia gesi kidogo itoe hewa, anafunga nati, anawasha. Kiyoyozi kinapoza na mteja anafurahi. Lakini unyevu umebaki ndani ya bomba, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi wa bahari. Oili ya mashine za gesi ya R-410A inanyonya unyevu huo, inatengeneza asidi, na asidi inakula nyaya za ndani ya kompresa. Mashine ikifa, tunasingizia umeme.

Ifanye hivi. Jaza naitrojeni kavu kwa presha anayoitaja mtengenezaji, pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungo, subiri. Presha isiposhuka, itoe, unganisha pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa) na uvute mpaka kipimo cha vakyumu kishuke chini ya mikroni 500. Funga vali, kisha zima pampu, tazama kipimo. Kikipanda na kuendelea kupanda, bado kuna tundu au maji. Kikitulia, fungulia gesi.

Geji za kupimia presha nazo. Presha ya R-410A inazidi ya gesi ya zamani, R-22, kwa karibu asilimia 60, kwa hiyo zile geji na mipira ya zamani usizipeleke huko. Gesi ya R-32 inashika moto, basi usiwashe mtungi wa kuchomelea mahali inapovuja. R-22 yenyewe inaondoka: kwa ratiba ya Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuitumia ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani.

Hatua ya pili: umeme

Kuvuta waya kutoka kwenye bodi ya saketi mpaka kwenye mashine ni kazi ya ufungaji umeme, na leseni yake inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Madaraja yako kadhaa, yakiwemo A, B, C, D na W, na maombi yanafanyika mtandaoni. Kama huna, mtafute mwenye nayo na umuandike kwenye makadirio yako kwa uwazi.

Hatua ya tatu: biashara

Sajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa kutumia namba yako ya NIDA, chukua TIN TRA, kisha omba leseni ya biashara Halmashauri ya Jiji. Ukiajiri, peleka michango NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi). Mambo haya yanataka subira tu.

Hatua ya nne: CRB

Bodi ya Usajili wa Makandarasi inafanya kazi chini ya Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Viyoyozi vinaingia kwenye kundi la wakandarasi maalumu, lenye madaraja matatu, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua. Wanataka kumuona mkurugenzi wa ufundi mwenye sifa, vitendea kazi na uwezo wa fedha. Weka stakabadhi za pampu, geji na mitungi kwa jina la kampuni tangu siku ya kununua. Ada ni ya kila mwaka. Kwa kazi za serikali, jisajili pia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Chumbageni: Shikamoo fundi. Mimi nasafisha AC na kujaza gesi majumbani tu. Nianzie CRB?

Marahaba mwanangu. Anza na VETA na leseni ya biashara. CRB utaihitaji unapoingia mkataba wa kufunga mitambo kwenye jengo kama mkandarasi.

Dada wa Pongwe: Kaka, kuna mwenye kampuni iliyosajiliwa anataka nitumie cheti chake, nimpe asilimia kumi. Nikubali?

Usikubali, dada yangu. Mkataba utakuwa wake, malipo yataingia kwake, na uzoefu utaandikwa kwake. Mwambie akupe mkataba mdogo wa maandishi wenye jina lako, ili baadaye uwe na cha kuonyesha. Halafu ujue sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, na wanawake wamo. Ulizia halmashauri namna kundi lenu linavyoweza kusajiliwa.

Mzee wa Lushoto: Huku kwetu shida ni baridi. Fundi wa AC atatufaa nini?

Shikamoo mzee. Atawafaa sana. Ziko AC zenye vali ya kugeuza mzunguko, zinavuta joto nje na kulileta ndani. Kwa yuniti moja ya umeme zinaweza kutoa karibu tatu za joto, wakati hita ya waya inatoa yuniti moja tu ya joto kwa kila yuniti ya umeme. Ufungaji ni ule ule na vyeti ni vile vile. Wakati wa kununua, tafuta alama ya jua kwenye rimoti, na usikie ikipuliza joto kabla hujalipa.