Kibali cha shamba la sola Michigan: kalenda kwanza, ada baadaye

Anayetaka kujenga shamba la sola Michigan huniuliza kwanza, "Ada ni kiasi gani?" Mimi humwambia afungue kalenda.

1. Angalia ukubwa. Sheria Namba 233 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika 29 Novemba 2024, inakuruhusu kwenda Tume ya Huduma za Umma ya jimbo ukiwa na sola ya megawati 50 kwenda juu, au upepo wa megawati 100. Chini ya hapo utamalizana na halmashauri.

2. Andika barua. Omba kwa maandishi kukutana na kiongozi mkuu wa kuchaguliwa wa kila halmashauri inayoguswa, angalau siku 60 kabla ya mkutano wa hadhara. Hapa ndipo watu huteleza. Kuna mwaka barua yetu ilitoka zikiwa zimebaki siku 58. Ukumbi tumeshaulipia, na mkutano ukaahirishwa kwa ajili ya siku mbili! Siku hizi naweka 75. Tangazo la mkutano wenyewe linataka siku 14 tu.

3. Subiri jibu. Ndani ya siku 30 baada ya kukutana, halmashauri zote zikikujulisha kwamba zina kanuni zisizo kali kuliko za jimbo, ombi linaanzia kwao, nao wana siku 120 za kuamua. Ikikosekana hata moja, nenda kwenye Tume, ambayo ina mwaka mmoja.

4. Chora ramani. Acha futi 300 kutoka nyumba ya jirani asiyeshiriki mradi, futi 50 kutoka mpaka wake na ukingo wa hifadhi ya barabara ya umma. Hizo 300 zinaanzia ukuta wa nje wa nyumba, kwa hiyo mtume mpimaji uwanjani. Picha za satelaiti huonyesha paa, si ukuta.

5. Sasa pesa. Tuseme mradi una megawati 120: 80 ziko halmashauri moja, 40 nyingine. Unapowasilisha ombi kwenye Tume, kila halmashauri hupewa fedha za kushiriki kwenye shauri, zisizozidi dola 75,000 kwa moja na 150,000 kwa zote. Umeme ukianza kuzalishwa, unalipa dola 2,000 kwa kila megawati: 160,000 huku, 80,000 kule. Mkopeshaji wako ataulizia pia dhamana ya kubomoa mitambo: asilimia 25 ya gharama ya kubomoa mwanzoni, kisha inapanda hadi 100 kufikia mwaka wa kumi.