Namna ya kumtambua Nothobranchius guentheri, samaki wa madimbwi ya Unguja

Samaki huyu ni wa Unguja peke yake. Hakuna pengine duniani anapoishi kwa asili. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Pfeffer, alimpa jina la kisayansi mwaka 1893, lakini wengi wetu tunampita bondeni bila kumjua. Urefu wake ni kama sentimita 5.

Hatua ya 1: Ngoja wakati wake
Anaishi kwenye madimbwi yanayokauka. Wazazi hufa maji yakiisha, mayai hubaki ndani ya tope kavu, na mvua ikirudi huanguliwa na kupevuka kwa wiki chache tu. Kwa hiyo ukienda mara tu mvua za masika au vuli zinapoanza, utakuta vitoto visivyo na rangi. Yape madimbwi na mitaro ya mabonde ya mpunga wiki kadhaa kwanza. Vaa mabuti ya mpira, kichocho kipo.

Hatua ya 2: Mtazame kwa ubavu
Mteke kwa wavu wa matundu madogo, umtie kwenye chupa pana ya kioo yenye maji ya dimbwi lile lile. Ukimtazama kwa juu huoni kitu. Mwache atulie kivulini, maana samaki mwenye hofu hupauka.

Hatua ya 3: Umbo kabla ya rangi
Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Pezi la mgongoni limekaa nyuma, karibu sawa na pezi la chini la nyuma, na mkia ni wa mviringo. Mkia wenye panda, huyo siye. Pezi la mgongoni refu lenye miiba ni la kitoto cha perege. Gapi (guppy, samaki mdogo wa mapambo) dume naye ana rangi, ila ni mdogo zaidi, na pezi lake la chini limekuwa kama kijiti chembamba.

Hatua ya 4: Mkia wa dume
Magamba ya dume ni ya buluu-kijani yenye kingo nyekundu, kama wavu uliotandazwa mwilini. Mkia ni mwekundu uliokoza, na mwishoni una ukingo mweusi. Ukingo huo ndio alama ninayoiamini kuliko zote: ndugu yake wa pwani ya Tanga na kusini mwa Kenya, Nothobranchius palmqvisti, ana mkia mwekundu usio na ukingo huo.

Hatua ya 5: Jike
Jike ni wa kijivu-kahawia, mapezi yake hayana rangi. Peke yake hatoshi kukupa jibu, kwa hiyo tafuta dume kwenye dimbwi hilo hilo. Jike mwenye madoa meusi mwilini anakuelekeza kwa spishi nyengine, Nothobranchius melanospilus.

Piga picha ya ubavu, andika tarehe na jina la shehia, kisha mrudishe pale pale ulipomtoa. Usimhamishie dimbwi jengine hata kama hilo linakaribia kukauka: mayai yake yameshazikwa topeni, na kilichobaki ni dimbwi lenyewe lisifukiwe.