Kompyuta kuukuu na kompyuta mpya zinapokataa kuonana nyumbani

Hapa kwetu Uyole, upande wa mashariki wa jiji la Mbeya, kompyuta ya mezani ya Mzee yenye Windows XP bado inafanya kazi, kwa kuwa ndiyo pekee inayoelewana na printa yake na ndiyo iliyobeba hesabu za shamba la viazi kwa miaka mingi. Mdogo wangu alipokuja likizo na kompyuta mpakato yenye Windows 11, alitaka kunakili hesabu hizo kupitia mtandao wa nyumbani, na baada ya nusu saa akaniita: "Kaka, hii ya Mzee haionekani kabisa." Jumamosi ile nzima nilibadilisha mipangilio ya mashine zote mbili, hadi jioni nilipopanda darini na kukuta kwamba panya, waliofuata magunia ya mahindi, walikuwa wametafuna waya wa mtandao. Kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa unaanzia kwenye waya na kupanda hatua kwa hatua hadi kwenye ruhusa za mafaili, na ninamshauri msomaji asiruke hatua hata kama anaamini kwamba ameshajua tatizo liko wapi.

Kabla ya kugusa chochote, andika katika daftari kila kompyuta ina Windows ya toleo gani, ipi itatoa mafaili na ipi itayachukua. Ili kulijua toleo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver kisha bonyeza Enter. Tofauti ya umri ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: Windows XP ilitoka mwaka 2001, Windows 7 mwaka 2009, Windows 10 mwaka 2015 na Windows 11 mwaka 2021. Katika muda huo, namna kompyuta zinavyosalimiana kwenye mtandao imebadilika zaidi ya mara moja.

Sasa angalia tundu la waya nyuma ya kila kompyuta na kwenye ruta, yaani kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani. Taa ndogo iliyo kando ya tundu inapaswa kuwaka pande zote mbili, na isipowaka, badilisha waya kwanza, halafu tundu la ruta, halafu ndipo uishuku kadi ya mtandao, yaani kipande kinachoiunganisha kompyuta na mtandao. Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua za radi ni za kawaida, tundu la mtandao linaweza kuungua huku kompyuta ikiendelea kuwaka vizuri kana kwamba haikuguswa. Dawa yake ni kadi nyingine, lakini ukinunulia kadi kompyuta ya XP, hakikisha dukani kwamba ina programu ya kuiendesha chini ya XP, maana kadi nyingi za sasa hazina. Kasi ya kadi isikutie wasiwasi: kadi ya zamani ya megabiti 100 na kadi mpya ya megabiti 1,000 hukubaliana zenyewe juu ya kasi, mradi mpangilio wa kasi umeachwa ujichague wenyewe pande zote.

Wanaotumia Wi-Fi wana mambo manne ya kuangalia. Kadi nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ruta iliyowekwa kwenye gigahezi 5 peke yake hazitaiona kamwe. Na kwa kuwa kuta za matofali ya kuchoma hupunguza nguvu ya masafa ya 5 zaidi ya yale ya 2.4, kuyarudisha ya 2.4 kunaweza kuisaidia hata kompyuta mpya iliyo chumba cha mwisho. Pili, baadhi ya kadi za zamani hazisikii chaneli ya 12 na ya 13, kwa hiyo chagua ya 1, ya 6 au ya 11. Tatu, ruta mpya inaweza kuwa imewekewa ulinzi wa Wi-Fi uitwao WPA3 pekee, ambao XP na Windows 7 haziujui. Rudisha WPA2, au mchanganyiko wa hizo mbili, na uhakikishe XP ina nyongeza ya tatu, yaani SP3. Usikubali ushauri wa kurudi hadi WEP, kwa maana ulinzi huo huvunjwa kwa dakika chache. Nne, baadhi ya ruta zina mtandao wa wageni au mpangilio wa kutenganisha vifaa, ambapo kila kompyuta inapata intaneti lakini hakuna inayoruhusiwa kumwona jirani yake. Dalili hii huwachanganya watu wengi, kwa sababu wanaona intaneti ipo na kuhitimisha kwamba mtandao wa ndani nao ni mzima.

Taa zikiwaka, tafuta anwani. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd mahali pale pale ulipoandika winver, kisha andika ipconfig katika kila kompyuta na unakili anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta ndani ya mtandao. Katika nyumba ya kawaida, tarakimu za mafungu matatu ya mwanzo hufanana, mathalani 192.168.1.15 na 192.168.1.20. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani kwenye ruta na haikujibiwa, ikajipa yenyewe, na hapo unarudi kwenye waya au kwenye Wi-Fi bila kuendelea mbele. Mafungu yakitofautiana, kwa mfano 192.168.8 upande mmoja na 192.168.1 upande mwingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba ina ruta mbili: ile ya laini ya simu sebuleni, na ya pili iliyoongezwa ili mtandao ufike vyumba vya uani. Ruta ya pili imejenga mtandao wake na kuufungia mlango. Ipe anwani yake isiyogongana na ya kwanza, zima huduma yake ya kugawa anwani (DHCP), kisha hamishia waya utokao kwenye ruta ya kwanza kwenye mojawapo ya matundu yake ya kawaida, si lile lililotengwa kwa ajili ya intaneti.

Mafungu hayo matatu yakilingana, andika ping, amri inayotuma salamu na kusubiri jibu, ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ya pili. Majibu yakirudi, njia ipo. Yasiporudi, usikate tamaa mapema, kwa sababu faiawoli ya Windows, yaani kinga inayochuja kinachoingia kutoka mtandaoni, inaweza kunyamazia salamu hizo hata pale ambapo njia ni nzima, hasa kama mtandao umeandikishwa kuwa wa hadharani. Windows 10 na 11 zinaweza kuuhesabu mtandao mpya kuwa wa aina hiyo, kana kwamba umekaa na kompyuta yako katika stendi ya mabasi. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua mtandao unaoutumia, na badilisha neno "Public" liwe "Private". Kisha katika mipangilio ya kushirikishana, washa ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili na printa. Anayetumia programu ya kuzuia virusi yenye faiawoli yake aingie humo pia, kwa kuwa mabadiliko ya Windows hayaigusi.

Hatua inayofuata ni kuacha kuitafuta kompyuta kwenye orodha ya mtandao. XP hujitangaza kwa njia ya zamani ambayo Windows mpya haiisikilizi tena kama ilivyokuwa, na kwa sababu hiyo kompyuta ya Mzee inaweza kuwa nzima kabisa huku haionekani kwenye orodha. Badala yake, andika anwani yenyewe katika kisanduku kile kile cha winver, ikitanguliwa na mikwaju miwili iliyolalia nyuma, hivi: \\192.168.1.15. Kuhusu jina la kikundi cha kazi, ambalo mafundi wengi hulikimbilia kwanza, ni kweli kwamba XP ya nyumbani ilikuja na MSHOME ilhali nyingine huja na WORKGROUP, lakini kutofautiana huko huathiri jinsi kompyuta zinavyopangwa kwenye orodha na hakuzuii kufikia mafaili kwa anwani. Aidha, usihangaike kutafuta HomeGroup, njia ya kushirikishana mafaili nyumbani iliyokuja na Windows 7, kwani iliondolewa katika Windows 10 toleo la 1803 mwaka 2018.

Ujumbe utakaoupata hapo usome kwa makini. Ukiambiwa kwamba njia haikupatikana, mashine mbili bado hazijazungumza. Ukiambiwa kwamba huna ruhusa, au ukiulizwa jina na nenosiri, basi zimeshazungumza na umebaki mlangoni, kwa hiyo achana na waya na faiawoli na uende kwenye akaunti.

Kama hazijazungumza ilhali kila kitu cha awali ni kizima, shida yaelekea iko kwenye lugha. Mafaili ya Windows husafiri kwa itifaki iitwayo SMB, na XP inajua toleo la kwanza pekee, yaani SMB1. Windows 7 inajua toleo la 2.1, nayo Windows 10 na 11 zinalielewa bila kuongezewa chochote. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakiwasha SMB1 kwa ajili ya Windows 7 pasipo haja yoyote. SMB1 haikuanza kuondolewa kwenye Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017 kwa sababu ya uzee tu: mwezi Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa ndani yake, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia.

Ikiwa ni XP na hakuna njia nyingine, punguza hatari kwa kuchagua mwelekeo. Acha XP iwe mtoaji wa mafaili, na kompyuta mpya iwe inayoyafuata. Kisha kwenye kompyuta mpya, katika orodha ya kuwasha na kuzima vipengele vya Windows (Turn Windows features on or off), fungua SMB 1.0 na uweke alama kwenye sehemu ya mteja (Client), yaani ya kuchukua mafaili, peke yake, ukiiacha sehemu ya seva (Server), yaani ya kuyatoa, bila alama, pamoja na ile ya kujiondoa yenyewe. Washa kompyuta upya. Kwa upande wa XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili 2014, ipe anwani kwa mkono na uliache tupu lile pengo la lango la kutokea (Default gateway); itaendelea kuzungumza na kompyuta za nyumbani lakini haitakuwa na njia ya kwenda kwenye intaneti. Mzee alilalamika siku mbili kwa kukosa magazeti, kisha akahamia kwenye simu.

Kwenye akaunti, kosa linalojirudia ni la PIN. Anayefungua kompyuta yake mpya kwa tarakimu nne huamini kwamba hizo ndizo nenosiri, anaziandika anapoulizwa kutoka kompyuta nyingine, na anakataliwa kila mara, kwa kuwa PIN hufanya kazi kwenye mashine ile ile tu. Vilevile, akaunti isiyo na nenosiri kabisa huzuiwa kuingia kupitia mtandao. Njia safi ni kufungua, katika kompyuta inayotoa mafaili, akaunti ya ndani yenye jina rahisi kama nyumbani na nenosiri halisi, kisha kuipa akaunti hiyo ruhusa mara mbili: mara ya kwanza kwenye ushirikishaji wa folda, na mara ya pili kwenye usalama wa folda yenyewe. Ruhusa hizo mbili zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wenye Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 wanalihitaji hili zaidi, kwa maana toleo hilo, lisipobadilishiwa mipangilio, halikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Unapoulizwa jina, tanguliza jina la kompyuta inayotoa, mfano MZEE\nyumbani, na kama uliwahi kuhifadhi nenosiri lisilo sahihi, lifute kwanza kwenye hifadhi ya manenosiri ya Windows (Credential Manager), la sivyo litaendelea kutumwa kimyakimya.

Printa nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa mara nyingi haistahili vita. Programu ya kuendesha printa iliyoandikwa kwa XP ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows 11, ambayo ni ya biti 64 pekee, na kama mtengenezaji hakutoa nyingine, hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Sisi huhifadhi waraka kama PDF ndani ya folda iliyoshirikishwa, kisha anayekaa karibu na kompyuta ya Mzee anaufungua pale na kuuchapa.

Mafaili yakishaanza kupita, ingia kwenye ruta na uitengee anwani ya kudumu kila kompyuta ambayo hukuipa anwani kwa mkono, kwa sababu umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, anwani zinaweza kugawanywa kwa mpangilio mwingine, na kesho yake ukadhani kila kitu kimeharibika tena. Ile ya XP iwe nje ya safu ambayo ruta huigawa, ili isije ikapewa kifaa kingine. Na kama ulichohitaji ni kunakili hesabu za zamani mara moja tu, zinakili zote, kisha rudi kwenye ile orodha ya vipengele na uondoe alama ya SMB 1.0 siku hiyo hiyo.