Alamu ya gari ikilia ovyo: anza na boneti kabla ya kununua boksi jipya

Gari limelala Nyakato au Kirumba, Mwanza, hakuna aliyeligusa, na saa nane usiku king'ora kinaamsha mtaa mzima. Asubuhi mwenye gari anakimbilia dukani kutafuta alamu mpya. Asikimbie. Mara nyingi boksi la alamu ni zima. Linadanganywa na swichi ya bei ndogo iliyoshika kutu, au na betri iliyochoka.

Kwanza zima kelele. Rimoti isipotii, zungusha ufunguo hadi ON kisha bonyeza kile kitufe kidogo ambacho fundi hukificha chini ya dashibodi. Kikigoma nacho, fungua kichwa cha hasi cha betri. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 10. King'ora kikiendelea hata hapo, kina betri yake ndani. Tafuta tundu la ufunguo mdogo ubavuni mwake. Usikate waya: utazima kelele na kujitengenezea kazi nyingine kesho.

Rimoti inayofungua ukiwa umesimama mlangoni tu inataka betri. Soma maandishi ya ile ya zamani, maana 27A ni ya volti 12 na CR2032 ni ya volti 3. Haziazimani.

Sasa betri ya gari. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti 20 za DC, gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 umempata mshukiwa. Kuna alamu zinazosikiliza kushuka kwa volti, kama inavyotokea mlango ukifunguliwa na taa ya ndani kuwaka, hivyo betri dhaifu huzifanya ziamini kuna mtu ameingia. Injini ikiwaka, tegemea 13.8 hadi 14.4. Vichwa vyenye unga mweupe au wa kijani visugue kwa msasa, vikaze, upake grisi.

Halafu boneti, na hapa usiwe na haraka. Swichi yake ni kipini chenye springi kilichofungwa kwenye bodi, mahali ambapo maji ya mvua, vumbi na maji ya kuoshea injini hupita. Gari linaloshinda karibu na ziwa, Kirumba mwaloni kwa mfano, linakaa kwenye unyevu karibu muda wote. Swichi nyingi hufanya kazi kwa kugusisha waya na bodi, yaani ethi, boneti inapofunguliwa. Kutu na maji vikitengeneza njia ya umeme kati ya waya na bodi, boksi linasoma boneti iko wazi. Alamu ikianza usumbufu muda mfupi baada ya kuosha injini, usitafute mbali.

Jaribio lake ni rahisi. Chomoa waya wa swichi, uzungushie tepu, funga boneti, washa alamu na uache gari usiku mzima. Likinyamaza, badili swichi. Kabla ya kufunga mpya, kwangua rangi na kutu pale inapokaa hadi chuma king'ae. Angalia pia urefu wa kipini: boneti ikifungwa lazima ikikandamize vizuri. Raba za boneti zikiisha au boneti ikiwa imewahi kugongwa, kipini hubaki nusunusu, na upepo mdogo unatosha kuanzisha fujo.

Milango haina siri. Weka taa ya ndani kwenye DOOR, funga milango yote na buti, kisha tikisa mmoja mmoja. Taa ikipepesa, swichi ya mlango huo ndiyo mbovu.

Sensa ya mtikisiko iwe ya mwisho, ingawa wengi huanza nayo. Ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi chenye skrubu ya kurekebisha. Kwanza hakikisha hakining'inii. Zungusha kidogo tu kuelekea alama ya kutoa, kisha piga nguzo ya mlango kwa kiganja, usipige kioo. Irekebishe mpaka kishindo cha lori kwenye Barabara ya Nyerere kisiiamshe, lakini kofi zito liiamshe. Ndani ya kivuko cha Kamanga usiihukumu: injini za kivuko hutikisa gari zima, kwa hiyo funga milango kwa ufunguo bila kuwasha alamu.

Gari likikataa kupiga stata wakati taa zote zinawaka, shuku rilei ya alamu, yaani swichi ya umeme inayokata stata, au maungio yake yaliyosokotwa na kufungwa tepu. Hayo mpe fundi umeme ayachomelee kwa risasi, maana maungio yaliyolegea hupata moto.

Betri ikiisha kila baada ya siku mbili, funga gari, subiri nusu saa, kisha fungua waya wa hasi wa betri na upime mkondo kati ya kichwa cha hasi na waya huo, multimita ikiwa kwenye tundu la 10A. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa wakati huo, utaunguza kipimo. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikizidi sana, ng'oa fyuzi moja moja ukianza na ya alamu, hadi namba ishuke.