Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kutambua ndege wa mjini majira ya baridi

Vaa nguo za joto kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu mtazamaji wa ndege husimama zaidi ya kutembea, na baridi humwanzia miguuni. Chukua daftari na penseli; kalamu ya wino hugoma kwenye baridi kali. Toka alfajiri, kwa kuwa ndege waliokesha usiku mrefu bila kula huanza kutafuta riziki mara tu kunapopambazuka. Darubini ya 8x42 inatosha: inakuza mara 8, na vioo vyake vya mbele, vyenye kipenyo cha milimita 42, huingiza mwanga wa kutosha hata siku ya mawingu. Ukirudi ndani, iache mkobani mpaka ipate joto taratibu, la sivyo vioo vitajaa ukungu.

Sasa nisikilize kuhusu kitabu cha kutambulia ndege. Kabla hujatoka, kifungue na uhakikishe kwamba kinaonyesha kila ndege akiwa katika manyoya yake ya majira ya baridi, si yale ya kiangazi peke yake. Mimi sikuhakikisha. Nilikuwa nimejitolea katika zoezi la kuhesabu ndege kwenye mji mmoja wa Ulaya, nikapangiwa bwawa la bustani ya umma, nikawa nalizunguka kila Jumapili kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Kitabu changu kilikuwa na picha moja tu kwa kila aina, na yule shakwe anayeitwa mwenye kichwa cheusi alichorwa amevaa kofia ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Pale bwawani sikuona kofia hata moja. Niliona shakwe wadogo wenye vichwa vyeupe, kila mmoja akiwa na doa jeusi nyuma ya jicho, kana kwamba ameguswa na kidole chenye masizi. Doa hilo halikuwemo kitabuni, basi nikawapa jina la shakwe mwingine mwenye kichwa cheupe, nikifumbia macho kwamba yule ana miguu ya kijani-manjano ilhali hawa niliowatazama walikuwa na miguu myekundu.

Siku chache baada ya kukabidhi daftari nilirudi bwawani, nikamkuta mmoja ambaye kofia ilikuwa imeanza kumwota, kahawia na nyeupe zikiwa zimechanganyika usoni. Kando yake alisimama mwenzake mwenye doa la masizi. Walipopaa pamoja, wote wawili walikuwa na ule ukingo mweupe mbele ya bawa, na hapo nikajua kwamba wale wenye doa niliowaandika kwa miezi mitatu walikuwa shakwe yuleyule mwenye kichwa cheusi. Nikawaarifu waandaaji. Hesabu zangu zote za shakwe zilifutwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kusema ni wangapi walikuwa wa aina ipi, na bwawa lile likabaki tupu katika kumbukumbu za mwaka huo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo jifunze kwanza yale yasiyobadilika upesi: umbo la mdomo, urefu wa mkia, alama za mabawa, namna ndege anavyotembea na anavyolia. Rangi iwe ya mwisho. Kwezi wa Ulaya, ambaye aliachiliwa New York mwaka 1890 na leo ameenea Marekani, huota manyoya mapya mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi. Manyoya hayo huwa na ncha nyeupe, ndiyo maana wakati wa baridi huonekana kama amenyunyiziwa unga. Ncha hizo huchakaa kidogo kidogo, na ikifika majira ya kuchipua amebaki mweusi wa kung'aa, huku mdomo wake uliokuwa mweusi ukiwa umegeuka manjano. Shomoro dume naye hufichwa weusi wa koo na kidari kwa ncha za kijivu, ambazo huchakaa vivyo hivyo. Njiwa wa mjini hakusumbui, kwani anavyoonekana Januari ndivyo anavyoonekana Julai.

Ukubwa pia usiuamini. Ndege mdogo akipigwa na baridi hutunisha manyoya ili yashike hewa yenye joto, akawa duara kama mpira, na anayeanza kujifunza humwandika kuwa mnene na wa aina nyingine. Mwangalie mdomo wake kwanza, kisha usubiri aruke, kwa maana akiruka manyoya hulala na umbo lake hurudi.

Usimkurupushe ndege ili umwone vizuri. Nguvu anayoitumia kukukimbia ni ileile aliyoiweka ya kumvusha usiku. Usikanyage barafu ya bwawa hata kama bata wamesimama juu yake. Ukimkuta ndege aliyekufa, usimshike kwa mikono mitupu, maana homa ya mafua ya ndege ipo. Na kwa kuwa uko mjini, usielekeze darubini kwenye madirisha ya watu, hata kama kwezi ametua ukingoni mwake.