Namna ya kupanda mbele na dereva kwenye injini ndogo ya mvuke

Injini ninazozungumzia si za kuchezea mezani. Ni zile za reli yenye upana wa inchi 15, yaani milimita 381, kama za Romney, Hythe and Dymchurch huko Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo bado inabeba abiria kwa zaidi ya kilomita 20. Umbo limepunguzwa hadi theluthi ya injini kubwa. Lakini ukipunguza urefu hadi theluthi, ujazo unashuka hadi sehemu moja ya 27, ndiyo maana boila hizi hubadilika hali upesi sana. Dereva huendesha na kuchochea moto peke yake, nawe umebanwa ubavuni pake. Mimi huwaelekeza wageni wangu hivi.

Hatua ya 1: Mavazi. Vaa pamba nzito. Nailoni ikipata cheche huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Viatu viwe vya kufunika mguu, na usisahau glavu za ngozi na miwani ya kukinga macho, kwa sababu bomba la moshi liko mita chache tu mbele ya uso wako na chembe za makaa hazina adabu. Skafu iache nyumbani.

Hatua ya 2: Fika moto ukiwashwa. Boila baridi haiharakishwi. Chuma kinatanuka polepole, na ukikilazimisha, maungio ya mirija huanza kuvuja. Tumia muda huo kuzoea kilichoko mbele yako: geji ya presha, mkono wa mvuke, mkono wa kugeuzia mwendo, breki, injekta mbili (vifaa vinavyosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke), na kioo cha maji.

Hatua ya 3: Kioo cha maji. Hapa ndipo ninapomshikilia mgeni muda mrefu kuliko penginepo. Kioo ni mrija uliounganishwa na boila juu na chini, kwa hiyo kimo cha maji ndani yake ndicho kimo cha boila. Injini ikitembea, maji hayo huchezacheza. Yakitulia tuli, shuku kwamba njia imeziba: fungua koki ya chini yatoke kwa kishindo, kisha ifunge. Yakirudi haraka, kioo ni kizima. Yakirudi kwa kusuasua, mwambie dereva papo hapo.

Mlimani kioo hudanganya. Injini inayopanda ikitanguliza bomba la moshi hurudisha maji nyuma, kwako, nawe unadhani yamejaa. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji hukimbilia mbele na kioo kinaonekana kukauka. Bati la juu la tanuri liko upande huu wa nyuma, na lisipofunikwa na maji hulainika kwa joto. Kuna plagi ya risasi, ile metali laini, inayoyeyuka ili mvuke uzime moto, ila dereva aliyefikia hapo ameshachelewa. Kwa hiyo maji huongezwa kabla ya kilele.

Hatua ya 4: Kaa. Kiti ni cha chini, magoti yako karibu na mlango wa tanuri. Usijishikilie kwenye bomba lolote la shaba. Kwa presha ya bar 10 mvuke una joto la nyuzi 180 na kitu, na bomba la moto halina rangi tofauti na la baridi.

Hatua ya 5: Kuondoka. Mkono wa mwendo unasukumwa mbele kabisa, na koki za silinda, za kutolea maji, zinaachwa wazi. Mvuke ukikutana na silinda baridi hugeuka maji, na maji hayashindiliki: pistoni ikiyabana, kifuniko cha silinda kinaweza kupasuka. Gadi akipeperusha bendera ya kijani, piga honi, achia breki, fungua mvuke kidogo. Magurudumu yakizunguka bure, punguza. Mwendo ukikolea, funga koki na urudishe mkono wa mwendo taratibu kuelekea katikati, ili mvuke utanuke wenyewe ndani ya silinda badala ya kumwagwa.

Hatua ya 6: Makaa. Kidogo kidogo, mara kwa mara. Tupa pale moto unapong'aa zaidi, kwani hapo tabaka limekuwa jembamba. Moshi mweusi ukidumu, umezidisha.

Moto huvutwa na mvuke unaotoka silinda kupitia bombani. Ukifunga mvuke, mvuto unakufa na ndimi za moto zinaweza kukurudia, kwa hiyo fungua kipulizio, yaani mvuke unaopulizwa bomba la moshi ili kuvuta moto, *kwanza*. Niliwahi kusahau mara moja tu. Suruali yangu ya kazi bado ina alama.

Hatua ya 7: Injekta. Fungua maji, halafu mvuke. Ikishika, inatoa mlio wa kuendelea na maji hayadondoki chini. Ikimwaga, funga vyote uanze upya. Maji mapya hushusha presha, basi yaingize wakati valvu za usalama ziko karibu kufyatuka, hasa ukisimama stesheni.

Hatua ya 8: Kufika. Breki mapema, kwani mabehewa nyuma yako yana uzito kuliko unavyofikiri. Shuka upande wa jukwaa la abiria. Siku ikiisha, dereva atajaza maji hadi karibu juu ya kioo, maana yakipoa hupungua kimo; mwombe akuachie wewe ushike injekta hiyo ya mwisho.