Kiingereza cha darasani, Kiingereza cha zamu ya usiku

Wiki yangu ya pili kwenye nyumba ya kulelea wazee, kaskazini mwa Uingereza, saa nane usiku, muuguzi wa zamu alipita mbio akaniambia bwana wa chumba namba tisa "has thrown up". Nikaingia nikaanza kutazama juu: dari, taa, pazia. Karusha nini huyu mzee? Harufu ndiyo iliyonijibu. Alikuwa ametapika.

Kiingereza nilikuwa nacho. Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na "vomit" nalijua tangu kipindi cha biolojia. Ila shule zetu zilitupa Kiingereza cha vitabuni: postpone, investigate, tolerate, extinguish. Wenyeji kazini wanasema put off, look into, put up with, put out. Vitenzi vifupi vifupi, kila kimoja kimebebeshwa kijineno mgongoni, na maana imehama kabisa.

Sisi nasi tuna "piga". Unapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, deki, na hakuna aliyeumia. Mgeni akishika maana ya "piga" peke yake atapotea vilevile. Basi "throw up" ichukue kama neno moja, ulivyozoea "piga chafya". Kwenye kamusi za wanafunzi, ifungue throw, kisha teremka hadi mwisho. Huko ndiko vitenzi hivi hupangwa.

Yale majedwali ya vitenzi mia tano kwa alfabeti, achana nayo. Anza na vinavyogusa mshahara wako. Ukiamka unaumwa ukapiga simu kazini kutoa taarifa, hiyo ni "call in sick". Mkutano ukiwa "put off" umeahirishwa. Ukiwa "called off" umefutwa, usijisumbue kupanda basi. "Pick up a shift" ni kuchukua zamu ya ziada. "Fill in for" mtu ni kumshikia nafasi, lakini "fill in" fomu ni kuijaza, na Mmarekani fomu hiyohiyo atakwambia "fill out". Ukiwa "laid off" umepunguzwa bila kosa lako, kwa hiyo kwenye usaili usije ukasema "fired" kwa kudhani ni yaleyale. Kwenye simu, "hang on" ni subiri kidogo na "hang up" ni kukata. Rafiki yangu aliambiwa hang on na wakala wa kazi, akakata kwa adabu zote.

Walio kwenye kazi za afya wana mtego wao. "Pass out" kwetu ni askari wanaohitimu: gwaride, bendi, wazazi na mashada. Huku mara nyingi ni kuzimia, na "come round" ni kuzinduka. "Pass away" ni kufariki. Ukikosa kusikia vizuri kama ni out au away, uliza tena palepale, kabla hujamwambia mtu mwingine.

Kuna na mpangilio. Ukitumia it au them, mara nyingi huingia katikati: "pick it up", si "pick up it". Lakini "look after him" haikatwi. Hili halina njia ya mkato; jifunze kila kitenzi ndani ya sentensi nzima utakayoisema kweli, kama "I'll pick the kids up at three".

Tuna na mazoea ya nyumbani. "Pick me at the airport" Nairobi inapita bila swali. Huku ongeza up, maana pick peke yake ni kuchagua au kuchuma. Halafu hiyo up tunaipeleka isikohitajika, tunasema "cope up with". Ni "cope with" tu.

Kwenye maandishi mambo yanageuka, hapo Kiingereza cha shule ndicho kinachotakiwa. Usiku ule, kwenye kumbukumbu za mzee wa chumba namba tisa, niliandika "vomited", saa, rangi na kiasi cha maji aliyokunywa baadaye.